CHURA KATIKA SANDUKU LA KIOO

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno magumu yameelezwa mwishoni.

  Mwenye miwani na aivae. Mwalimu, tafadhali kila mwanafunzi na aweke kidole chake chini ya neno la kwanza, ili afuate kwa macho yale anayoyasikia kwa masikio.

Leo tutazungumza habari za chura. Najua baadhi yenu mmecheka. Mama mmoja anasema moyoni, "Mimi nimekuja kujifunza kusoma, sikuja kujifunza vyura." Mama, subiri kidogo. Somo hili ni la kusoma, tena ni la kuandika. Kabla halijaisha utaona kwa nini.

SAUTI YA USIKU

Tuanzie hapa hapa Pasiansi. Mvua inaponyesha Mwanza, maji huteremka juu ya majabali yetu, hujaza mitaro na vidimbwi, na usiku ule ule vyura huanza kulia. Wahenga walisema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni kweli. Lakini je, umepata kujiuliza kelele zile ni za nini?

Wanaolia ni madume. Dume hujaza hewa katika mfuko wa ngozi ulio chini ya koo lake, na kwa sauti ile humwita jike. Jike husikiliza, humwendea, na hutaga mayai majini. Vyura wengine hutaga mayai yaliyofuatana kama uzi wa ushanga, wengine huyataga kwa mafungu. Katika mayai hutoka viluwiluwi, wenye mkia na wasio na miguu, wanaopumua majini kama samaki. Baada ya majuma kadhaa huota miguu ya nyuma, kisha ya mbele. Mkia hupotea, na kiluwiluwi amekuwa chura.

Watoto huyaona mambo haya kabla yetu sisi wakubwa. Mtoto hukamata chura, humtia katika chupa au kopo, hufunika, hulala. Asubuhi chura amekufa. Mtoto hulia, na mkubwa humwambia, "Nyamaza, ni chura tu." Basi, kabla hatujamnyamazisha mtoto, natujue chura yule amekufa kwa sababu gani.

NGOZI INAYOKUNYWA

Chura hanywi maji kwa mdomo kama wewe na mimi. Hunywa kwa ngozi. Akikaa juu ya udongo wenye maji, maji huingia mwilini kupitia ngozi ya tumbo lake. Tena, ingawa ana mapafu, hupumua pia kwa ngozi, na ngozi hiyo haiwezi kupitisha hewa isipokuwa imelowa.

Sasa fikiri. Ikiwa ngozi yake hunywa maji, itakunywa pia kila kitu kilichomo katika maji hayo. Sabuni iliyobaki mikononi mwako, itaingia. Dawa ya kuua mbu uliyopuliza chumbani, itaingia. Chumvi wanayomwagia watu ili kumfukuza mlangoni humkausha na kumwua kwa mateso. Na kopo lililowekwa juani humpika akiwa hai. Mtoto hakumwua chura kwa ubaya. Alimwua kwa kutojua jambo moja, kwamba ngozi ya chura ni mdomo wake na ni pua yake.

KUTENGENEZA SANDUKU

Mtu atakayemweka chura kwa siku chache ili kujifunza, na amtengenezee nyumba. Sanduku la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 40 linatosha chura mmoja wa kadiri. Fundi wa vioo anaweza kulikata na kuligundisha. Asiye na fedha ya kioo na atumie ndoo pana ya plastiki inayopitisha mwanga. Juu yake funika kwa wavu ule wa madirisha, ukaufunge vizuri, maana chura huruka na pia hupanda.

Chini weka changarawe safi, ili maji ya ziada yapate pa kwenda. Juu yake weka udongo mweusi usiotiwa mbolea wala dawa ya shambani, unene wa vidole vinne. Panda mmea mdogo mmoja au miwili. Weka majani makavu na kipande cha gome la mti au kigae, awe na mahali pa kujificha. Chura asiye na maficho hukaa katika hofu, na mnyama mwenye hofu hali.

Sanduku liwe kivulini, ndani ya nyumba, mbali na jiko na mbali na dirisha linalopigwa na jua.

Yapata mwaka 1829, daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alitia udongo mbichi katika chupa pamoja na mdudu aliyetaka kumwona akigeuka nondo, akaifunika chupa. Akashangaa kuona mimea midogo inaota ndani yake. Mchana mvuke ulipanda ukashika kwenye kioo, kisha ukawa matone, ukarudi udongoni. Mimea ilijipatia mvua yake yenyewe. Ndivyo ilivyo kwa ziwa letu pia. Jua hupasha maji moto, mvuke hupanda, hugeuka wingu, na maji hurudi chini kuwa mvua. Ukitazama matone katika kioo cha sanduku lako, umetazama mvua ya Mwanza ikiwa ndogo.

MAJI NA CHAKULA

Weka kisahani cha maji, kina chake kisizidi nusu ya kimo cha chura akiwa amekaa. Msishangae: vyura wengi wa nchi kavu huweza kuzama wakikosa mahali pa kutokea. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa chombo safi ni mazuri. Maji ya bomba yametiwa klorini ya kuua vijidudu, basi yaache katika ndoo iliyo wazi kwa siku nzima kwanza. Usimtume mtoto kuingia ziwani kuchota maji, kwa sababu kando ya ziwa kuna ugonjwa wa kichocho. Badili maji ya kisahani kila siku, ili chura apate maji safi na mbu wasipate pa kuzalia.

Chakula chake ni wadudu walio hai. Chura hutambua chakula kwa mwendo wake; nzi aliyekufa mbele yake ni kama jiwe tu. Mpe nyenje, panzi wadogo, nyungunyungu, na kumbikumbi wakati wao. Mdudu asiwe mpana kuliko kichwa cha chura. Mkubwa hula mara moja kila siku mbili. Mdogo hula kila siku. Usichukue wadudu katika bustani iliyopuliziwa dawa.

Mtazame anapomeza. Utaona anafumba macho. Hafumbi kwa utamu! Macho yake hushuka ndani ya kichwa na kusaidia kukisukuma chakula kooni.

Neno moja juu ya mbu. Usimfuge chura ukidhani atamaliza mbu wa nyumba. Hatawamaliza. Lala ndani ya chandarua.

BIBI NA MJUKUU

Sasa someni mazungumzo haya kwa sauti. Mwanafunzi mmoja awe bibi, mwingine awe mjukuu.

Mjukuu: Bibi, shikamoo.

Bibi: Marahaba, mjukuu wangu. Umeficha nini mgongoni?

Mjukuu: Chura, bibi. Nimemtoa mtaroni.

Bibi: Mtoe nje! Chura ana sumu.

Mjukuu: Mwalimu amesema sumu yake iko katika uvimbe ulio nyuma ya macho, na haimdhuru mtu asiyemla wala asiyejipangusa macho.

Bibi: Na mbwa wetu je? Akimng'ata?

Mjukuu: Mbwa anaweza kuugua, bibi. Nitamweka mahali asipofika mbwa.

Bibi: Na mikono yako?

Mjukuu: Nitainawa kwa maji safi kabla ya kumshika, sabuni isiwepo. Nikimaliza, nitainawa kwa sabuni kabla ya kula.

Bibi: Na nani atamlisha ukienda shule?

Mjukuu: (Ananyamaza.)

Bibi: Basi, hilo ulijibu kwanza. Ukishalijibu, nitakutafutia ndoo.

Bibi huyu ana hekima. Hakukataa, wala hakukubali haraka. Aliuliza swali ambalo kila mfugaji lazima aulizwe, akiwa na ng'ombe mia au chura mmoja: siku usipokuwapo, nani atamlisha?

Tena ataongeza jambo la pili. Kwa sheria ya Tanzania, mnyama wa porini si mali ya aliyemkamata. Hapa Pasiansi kipo chuo kinachofundisha askari wa wanyamapori tangu mwaka 1966, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Kabla ya kumfuga mnyama yeyote wa porini, uliza ofisi ya wanyamapori ya wilaya yako. Usiuze chura, wala usimsafirishe.

DAFTARI LA CHURA

Sasa tumefika penye kazi ya kalamu. Chukua daftari, upige mistari upate vyumba vinne. Juu andika: Tarehe. Maji. Chakula. Niliyoyaona. Kila jioni andika mstari mmoja. Kwa mfano: "Tarehe 4. Nimebadili. Nyenje wawili. Amejivua ngozi akaila."

Naam, chura hujivua ngozi na kuila; usiogope ukiona hivyo.

Kwa nini tuandike? Kwa sababu kichwa husahau. Chura akiacha kula leo, utasema ni leo tu. Daftari litakuambia kwamba hajala tangu tarehe 9, na kwamba tarehe 8 ulibadili udongo. Hapo utajua pa kuanzia. Na sasa nitawaeleza habari ya vyura waliookolewa kwa kazi ya namna hiyo.

CHURA WA KIHANSI

Katika milima ya Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro, mto Kihansi huanguka kutoka juu mpaka katika bonde jembamba. Zamani maji yalipopiga mawe, yalirusha manyunyu kama ukungu usiokatika, usiku na mchana. Mwaka 1996 wataalamu walimwona hapo chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefika sentimita 3. Angeweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Hakuwako mahali pengine popote duniani, ila katika hekta chache zile zilizolowa manyunyu. Tena chura huyu hatagi mayai. Jike huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili.

Katika mto huo huo palijengwa mtambo wa umeme wa megawati 180. Kufikia mwaka 2000 karibu sehemu tisa kwa kumi za maji zilikuwa zimeelekezwa kwenye mashine. Nchi ilihitaji umeme. Umeme huo huingia katika gridi ya taifa, ile ile inayofika Mwanza. Huenda umekuwamo katika taa iliyowaka juu ya daftari lako. Lakini maji yalipopungua manyunyu yalikatika, na ngozi inayokunywa ikakosa cha kunywa.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa wakapelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, na baadaye wengine wakawekwa katika bustani ya Toledo. Waliwekwa katika masanduku ya kioo, kama lile tulilotengeneza leo, ila yenye mitambo ya manyunyu. Je, waliishi? Wengi walikufa. Wafugaji walikuwa wenye elimu, lakini hakuna mtu duniani aliyekwisha kumfuga chura huyu. Kufikia mwaka 2004 waliobaki walikuwa chini ya 100. Wafugaji hawakuacha. Wakajifunza mwanga gani unamfaa, wadudu gani anawahitaji, maji yawe safi namna gani, magonjwa yake ni yapi. Polepole vyura wakaanza kuongezeka.

Nyumbani Kihansi yaliwekwa mabomba ya kunyunyiza maji, na kwa muda vyura waliongezeka. Mwaka 2003 walipungua ghafula, na katika maiti zao ulionekana ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi. Miaka michache baadaye hakuonekana hata mmoja. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Aliyebaki alikuwa yule wa sanduku la kioo tu, ng'ambo ya bahari.

Lakini mwezi wa Agosti mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, wakapokewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nako wakafugwa na wataalamu wetu. Na mwaka 2012 vyura walianza kurudishwa katika bonde lao wenyewe. Miaka kumi na miwili tangu watoke! Waliotoka hawakurudi, waliorudi walikuwa wajukuu wa vitukuu, waliozaliwa ndani ya kioo, wasiopata kuona mto.

Mtu mmoja atauliza, "Je, ilikuwa sawa kutumia fedha nyingi hivyo kwa chura wa ukubwa wa ukucha, watu wakiwa na shida?" Swali hilo ni la haki. Mwingine atauliza, "Je, ilikuwa sawa kuufunga mto kabla ya kujua nani anaishi chini yake?" Nalo ni la haki. Sitawajibia. Mtayajadili ninyi wenyewe darasani. Mimi nasema neno moja tu. Kitu kilichotoweka kabisa hakijadiliwi tena, kwa kuwa hakuna la kuchagua. Kwa sababu wafugaji wale walibadili maji kila siku, sisi bado tunayo nafasi ya kujadili.

KUMRUDISHA

Basi na wewe, baada ya majuma mawili au matatu, mrudishe chura wako. Mrudishe mahali pale pale ulipomtoa, wala usimpeleke mtaro mwingine, kwa sababu ile kuvu huhama pamoja na chura, na pamoja na udongo na maji yake. Usichanganye vyura wa sehemu mbili katika sanduku moja. Udongo uliotumika uanike juani mpaka ukauke kabisa, na sanduku ulioshe, ulisuuze, ulikaushe. Mrudishe jioni, ardhi ikiwa imelowa.

Kisha lifunge daftari, uandike juu yake jina lako. Hicho ni kitabu, na wewe ndiye uliyekiandika.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kiluwiluwi: mtoto wa chura aliye bado majini na mwenye mkia.
Kuvu: kiumbe kama ukungu unaoota juu ya mkate uliochacha, baadhi huleta magonjwa.
Mvuke: maji yaliyogeuka kuwa hewa kwa joto.
Manyunyu: matone madogo sana ya maji.
Kutoweka: kukosekana kabisa, asibaki hata mmoja.

MASWALI

1. Chura hunywa maji kwa njia gani?
2. Kwa nini hatumshiki chura kwa mikono yenye sabuni?
3. Bibi alimwuliza mjukuu swali gani lililomnyamazisha?
4. Vyura wangapi walipelekwa Marekani mwaka 2000? Wangapi walirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010? Toa hesabu ya tofauti yake.
5. Kwa nini chura hurudishwa mahali pale pale alipotolewa?

MAJADILIANO: Darasa ligawanyike pande mbili. Upande mmoja useme kwa niaba ya umeme, upande wa pili kwa niaba ya mto. Kisha mbadilishane pande.

KAZI YA NYUMBANI: Usiku wa mvua, kaa kimya mlangoni usikilize. Andika sentensi tatu juu ya sauti ulizozisikia.

Kwaherini, ndugu zangu. Tuonane katika somo lijalo.